Mapenzi Yakikushika Utado? Mwongozo wa Kuzama Bila Breki, Kutoka Lugulu Hadi Kortini

Ukitoka Webuye ukielekea Kitale, kabla hujafika Misikhu, utapita soko linaitwa Lugulu. Watu wengi wanalijua juu ya hospitali ya misheni ya Friends na shule ya wasichana. Mimi nalijua juu ya kitu kingine. Hapo stage ndipo nilisindikiza dem niliyekuwa nimeamini kabisa ni bibi yangu, akapanda mathree ya Kitale, na mimi nikabaki na simu haina chaji na semester haina fee.

Hiyo story nitaimaliza huko chini. Kwanza tuongee kuhusu hiki kitu chenyewe, juu kila wiki kuna msee anauliza: ni kweli mapenzi huwezi kuyazuia, ama ni kisingizio cha watu hawajielewi?

Jibu fupi: kushikwa, huwezi kuzuia. Kile unafanya ukishashikwa, hicho ni chako.

Sikiza vile Kiswahili chenyewe kinasema. Mtu hushikwa na homa, hushikwa na usingizi, hushikwa na njaa, na hushikwa na mapenzi. Hiyo ni sentensi moja. Hakuna mtu husema "nimeamua homa." Mtaani ni vilevile: "nimekufa kwa huyo dem", "huyo boy ameniweza", "nimenaswa". Zote wewe ndio unafanyiwa. Wahenga nao walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, halafu wakaongeza kwamba ukipenda, chongo utaita kengeza. Yaani walijua mambo mawili mapema: kwamba hii kitu inakuja yenyewe, na kwamba ikikuja macho yako hayafanyi kazi vizuri.

Sasa wanasayansi wamekuja nyuma yao na mashine.

Ndani ya kichwa kunaendaje?

Mwaka wa 2005 timu ya watafiti Marekani, akiwemo Helen Fisher, ilitoa matokeo ya kuweka watu 17 waliokuwa wamezama kwenye mapenzi ndani ya mashine ya MRI na kuwaonyesha picha ya mtu wao. Sehemu iliyowaka sana ni ile ya ndani, karibu na chini ya ubongo, inayotoa dopamini, ile kemikali ya kutaka kitu. Mtu wa hisia nzito angetarajia iwake sehemu ya hisia tu. Hapana. Iliwaka sehemu ya njaa na kiu na hamu. Baadaye wakafanya vile vile na watu walioachwa kwa mataa, na bado ile mitambo ilikuwa inawaka, pamoja na sehemu zinazohusika na mtu kutamani dawa za kulevya. Kwa hivyo ukiona beste yako ameachwa na bado ana-scroll picha za ex saa nane usiku, usimwambie ni mjinga. Ana arosto.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1999, Donatella Marazziti wa Pisa, Italia, alichukua damu ya watu 20 walioangukia mapenzi karibuni. Alikuwa anaangalia kitu kinachohusiana na serotonini. Akalinganisha na wagonjwa wa ule ugonjwa wa akili wa kurudia wazo moja bila kuacha, wale wa kunawa mikono mara hamsini. Matokeo yalifanana. Mtu amezama na mtu mgonjwa, damu yao ilikuwa inasema kitu karibu sawa.

Lakini kuna sehemu ya huo utafiti watu huwa hawasomi, na ndiyo ya maana zaidi kwetu. Aliwapima tena baadhi ya wapenzi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baadaye. Damu ilikuwa imerudi kawaida.

Soma hiyo tena. Mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ile hali ya kutokula, ya kusikia jina lake kila mahali, ya kuona hakuna maisha bila yeye, mwili wenyewe huizima. Baada ya hapo kinachobaki ni mapenzi ya aina ingine, ya kutulia, ama hakibaki kitu. Sasa fikiria vitu vyote watu wetu hufanya ndani ya hiyo miezi 18: kuchukua loni, kuchora tattoo, kuacha kazi, kuhama keja, kupata mtoto.

Mahali mnapatana pia si bure

Kuna utafiti mwingine wa zamani, 1974, wa Dutton na Aron, uliofanywa Vancouver, Kanada. Waliweka mwanamke mrembo kwa daraja refu la kamba la Capilano, linaloning'inia mita nyingi juu ya mto na linayumba. Alikuwa anahoji wanaume wanaopita, kisha anawapa namba ya simu. Wale wa daraja la kutisha walipiga simu wengi kuliko wale wa daraja la kawaida lililo imara. Mwili ulikuwa unadunda juu ya woga, akili ikasema huyu dem ndio sababu.

Sisi huku magharibi hatuhitaji daraja. Tuko na disco matanga.

Kama umekulia Bungoma ama Trans Nzoia unajua venye inaenda. Kuna mtu amekufa, kuna jenereta, kuna spika, kuna giza, kuna huzuni na kelele pamoja, kila mtu moyo uko juu. Ukiangaliana na mtu hapo, unadhani umepata wako wa maisha. Msimu wa tohara nao, Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, ni vilevile: vijana wanapiga kengele, watu wanakimbia nyuma yao usiku wakiimba, hakuna mtu analala. Machifu wamekuwa wakipiga marufuku disco matanga miaka na miaka juu ya mimba za wasichana wadogo, na sitawatetea wenye kuzipanga. Ninasema tu kwamba nilipatana na dem wangu kwa moja, karibu na Misikhu, na kwa muda mrefu nilidhani ni Mungu alipanga. Siku hizi nadhani spika pia zilihusika.

Na limbwata je?

Huwezi kuandika kuhusu mapenzi yasiyozuilika Afrika Mashariki bila kufika hapa. Kila nguzo ya stima kutoka Mombasa hadi Malaba iko na karatasi ya mganga anayerudisha mpenzi kwa siku tatu. Tanzania wanaita limbwata, Wakamba wanajulikana kwa kamuti, na kila kabila liko na shangazi anayejua mtu anayejua mtu.

Wacha niseme maoni yangu. Dawa ya mapenzi ni maelezo ya jirani. Kijana akipenda mwanamke ambaye familia haimtaki, haiwezekani kwamba amependa tu, lazima amewekewa kitu kwa ugali. Hivyo anatolewa lawama kijana na anabebeshwa msichana. Angalia vizuri utaona mara nyingi mwanamke ndiye hushtakiwa kwa limbwata, mwanaume akibembeleza anaitwa fundi. Na kisheria, Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, ambayo inamfanya anayejidai ana hizo nguvu kuwa mhalifu. Kwa hivyo ukituma doo kwa namba ya nguzo, umelipa mtu anayevunja sheria ili avunje uhuru wa mtu mwingine, na bado dem harudi.

Ukoo wako ni gani?

Hii ndiyo sehemu nataka tukae.

Wabukusu wanasimulia kwamba Wele, Mungu, aliumba mwanaume wa kwanza Mwambu, na mwanamke wa kwanza Sela. Hao wawili hawakuwa na shida ya kuuliza swali lolote, juu hakukuwa na mtu mwingine. Sisi tuliokuja nyuma tuna swali moja ambalo linakuja kabla ya jina lako la pili, kabla ya kazi yako: wewe ni wa ukoo gani?

Koo za Wabukusu ni nyingi, zaidi ya mia. Sheria ni rahisi kusema na ngumu kufuata. Huoi wala huolewi ndani ya ukoo wa baba yako. Wala ukoo wa mama yako. Wala koo za nyanya zako, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Hapo tayari ni milango minne imefungwa, na inafungwa kwa pande zote mbili, yaani na yeye ana yake minne. Ukivuka, wazee wanaita hiyo kitu luswa, mkosi mzito unaoweza kushika mtu na watoto wake hadi atakaswe. Hata ndani ya ndoa halali kuna mipaka: mwanaume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono ovyo, hawapitani kwa njia nyembamba, kila mmoja anampa mwenzake nafasi.

Nikiwa mdogo niliona hizi ni mila za kutuharibia raha. Sasa naziona tofauti kidogo. Hao wazee hawakuwahi kusema "usimpende." Walijua hiyo haiwezekani, mtu hushikwa popote. Walichofanya ni kuweka swali mapema, stage, sokoni, kisimani, ili ujue mapema kama unaweza kwenda mbele, kabla homa haijapanda. Ndio maana kukhu yeyote wa Lugulu atakuuliza ukoo kabla hajakupea chai. Si umbea. Anapima.

Shida ni sisi tunaopatana Eldoret, Nairobi, ama kwa simu. Tunajua zodiac ya mtu, tunajua timu yake ya mpira, hatujui ukoo wa nyanya yake.

Ukoo nao ukikataa kuachilia

Usidhani naimba sifa za koo tu. Kenya nzima iliona ubaya wake mwaka wa 1987.

Wambui, Mkikuyu aliyepigania uhuru, aliolewa mwaka wa 1963 na wakili Mluo, Silvanus Melea Otieno. Wakati huo ndoa kama hiyo ilikuwa ngori kwa pande zote mbili. Wakaishi, wakalea watoto. S.M. Otieno alikufa tarehe 20 Desemba 1986. Wambui alitaka kumzika kwa shamba lao huko Ngong, mahali walijenga pamoja. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda kortini, mwili ukabaki mochari, magazeti yakauza. Mahakama ya Rufaa ikapatia ukoo ushindi na S.M. akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Wambui hakwenda.

Mngedhani huyo mama angechoka na mapenzi. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe, kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Nchi ilipiga kelele. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema kijana anataka mali. Mzee wa miaka 67 akioa msichana wa 25 sisi huwa tunauliza tu keki ilikuwa ya nini. Ndoa yao ilikuwa bado imesimama Wambui alipofariki Agosti 2011.

Mimi huyu mama namheshimu juu ya kitu kimoja: mara zote mbili alishikwa kama sisi wote, lakini alichofanya alikifanya hadharani, akiwa mtu mzima, na akalipa bei yake mwenyewe. Hakusema "sikuwa najielewa."

Sheria inasema nini ukiwa umezama

Korti haijali dopamini yako. Vitu vichache vya kujua:

Chini ya miaka 18 hakuna mapenzi mbele ya sheria. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamtambua huyo kama mtoto, na hata akiwa na miaka 16 au 17, kifungo kinaanzia miaka 15. "Alinipenda pia" si utetezi. Hii ndiyo huwapata vijana wengi wa disco matanga, na wengi hushtuka wakiwa tayari kizimbani.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya kimila pia husajiliwa, na pale mila inadai mahari, kutoa hata kidogo cha kuanzia kunatosha kuithibitisha. Kwa hivyo ile story ya "sina ng'ombe wote bado" isikuzuie kufanya mambo rasmi.

Come-we-stay nayo? Hapo chunga sana. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja miaka mingi, na ikasema hakukuwa na ndoa. Mali waligawana kulingana na kile kila mmoja alichangia, lakini mke na mume hawakuwa. Majaji walisema korti kudhani tu kuna ndoa kwa sababu mnaishi pamoja ni jambo la nadra, si la kawaida. Kama umeweka godoro na gesi kwa keja ya mtu, weka risiti pia.

Na kuna hii ya mwisho, ambayo sitaifanyia mzaha. Magazeti yetu, na sisi waandishi wa udaku tumo, tumezoea kuandika "mauaji ya kimapenzi", ati alimpenda sana hadi akamuua. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine wakisema wamechoka kuuawa. Ule utafiti wa ubongo wa walioachwa unaeleza kwa nini unalia usiku. Haumpi mtu panga. Kama mpenzi wako anasema hawezi kujizuia akikasirika, angalia kama anampiga pia bosi wake. Hampigi? Basi anaweza kujizuia. Namba ya msaada wa dhuluma za kijinsia ni 1195, ni ya bure, saa yoyote.

Sasa ile story yangu

Buda aliuza ndama nipate fee. 32,000. Ilikuwa kwa akaunti yangu siku nne. Nilikuwa nimepatana na huyo dem miezi mitatu nyuma, yeye alikuwa anafanya kazi salon Kitale, mimi niko chuo Eldoret. Nilikuwa naenda Kitale Ijumaa, narudi Jumatatu, halafu nikawa narudi Jumatano, halafu nikaacha kurudi. Tulichukua keja pamoja. Nikanunua godoro, gesi, pazia la rangi ya damu ya mzee. Pazia sijui nililinunua la nini, dirisha lilikuwa dogo kama daftari. Exam ilipofika jina langu halikuwa kwa orodha. Sikuhisi kitu. Naapa, nilikuwa na furaha.

Desemba nikamleta Lugulu. Kukhu alimkaribisha vizuri, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza anaitwa nani, halafu akamuuliza ukoo. Dem akajibu. Kukhu akaweka kikombe chini.

Ulikuwa ukoo wa kukhu mwenyewe. Ule aliozaliwa, kabla ya kuolewa na kuka.

Hakukuwa na kelele. Ningependelea kelele. Kukhu alianza kumuita kama mtoto wa kwao, akamuuliza habari za watu wa kwao, akajua babu yake kwa jina. Wakati chakula kililetwa, dem alikuwa ameshakuwa wageni wa kukhu, si wangu. Usiku nikamwambia twende zetu Kitale, mambo ya ukoo ni ya zamani, na serikali haiulizi. Hiyo ni kweli, serikali haiulizi. Akanyamaza kwa muda, akasema yeye hawezi kuzaa watoto ambao kukhu atawaogopa. Kisha akaniuliza kitu kimoja ambacho sikuwa nimekifikiria hata siku moja: fee yako uliirudisha?

Alikuwa anadhani nililipa. Sikuwahi kumwambia.

Asubuhi nikamsindikiza stage. Nililia huko nyuma ya duka moja kama miezi sita yote iliyofuata, si hapo tu, na chuo sikurudi. Buda hakuongea nami hadi Pasaka. Gesi na pazia zilibaki Kitale, na nasikia alifungua salon yake.

Wiki hii nilimpigia kukhu kuhakikisha nimeelewa vizuri mambo ya koo za nyanya kabla niandike. Akanielezea polepole, akarudia mara mbili. Halafu akauliza kama kuna mwingine. Nikamwambia kuna mtu, lakini bado. Akasema nikijua ukoo wake nimpigie kabla sijanunua gesi.